Bwana Zima na Umeme wa Mama

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofanya naye kazi, huyu tunayemlaza leo mlimjua kwa majina mengi. Kiwandani aliitwa Fundi. Mtaani aliitwa Bwana Zima, na wengine mlidhani sisi nyumbani hatujui. Watoto wake watatu tulimwita Baba. Mama yetu alimwita "wewe" kwa karibu miaka arobaini na saba, na hata kukiwa na watu ishirini sebuleni, aliyeitika alikuwa yeye.

Mimi ni mtoto wake wa pili. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu ni karani wa masjala. Familia iliamini kwamba mtu anayetunza mafaili ya watu elfu nane hawezi kushindwa na maisha ya baba yake mwenyewe. Nimeshindwa. Naandika leo Ijumaa, kesho ndiyo mazishi, na tangu Jumanne sijui nimeshika nini na nimeacha nini. Asubuhi nimetafuta miwani nyumba nzima, nikaikuta ndani ya birika. Kwa hiyo mkiona tarehe imekaa vibaya au jambo limetangulia jingine, mnivumilie.

Kwanza niwajibu mnaouliza. Mama hayupo hapa kaburini. Wengi mnajua kwamba mapafu yake yalichoka mwaka 2012, na tangu hapo anapumua kwa msaada wa mashine inayochuja hewa. Mashine hiyo inakula umeme mchana na usiku, haina sikukuu. Umeme huo, kuanzia kwenye paa hadi kwenye soketi, ulikuwa kazi ya Baba. Na Baba ndiye huyu tunayemzika. Hapo ndipo akili yangu inapogoma, na nimegundua kwamba nikianza kuandika jambo lolote lake, narudi hapo hapo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951. Kitambulisho chake kinasema 1953. Nilimwuliza Shangazi, dada yake, ukweli ni upi. Akasema Baba alizaliwa mwaka ule upepo ulipong'oa paa la nyumba yao, na kumbukumbu za ofisini kwetu zinaonyesha upepo huo ulivuma mwaka 1951. "Alipunguza miaka miwili ili aajiriwe," Shangazi akasema. Kisha akakunja uso. "Au aliongeza? Hebu subiri." Tunasubiri hadi sasa. Kwenye ubao wa kaburi tumeandika 1951, kwenye kibali cha mazishi imeandikwa 1953, na wote wawili ni yeye. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba. Baba yake alikuwa mpishi wa hospitali na mama yake alifua mashuka ya hospitali hiyo hiyo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, akachukua fani ya mitambo ya baridi. Huko chuoni mwalimu aliwauliza wanafunzi baridi inatoka wapi. Kila mmoja akataja lake: kwenye barafu, milimani, kwenye gesi. Marehemu akasimama, akasema, "Mwalimu, baridi haitoki popote. Joto ndilo linaloondoka." Alitolewa nje kwa ujeuri. Wiki iliyofuata mwalimu yule yule aliwaandikia ubaoni maneno hayo hayo, na Marehemu akayanakili kwenye daftari lake bila kusema neno. Aliisimulia hadithi hiyo kila mgeni alipokuja, na kila mara adhabu iliongezeka kidogo. Mwishoni alikuwa amefukuzwa chuo kwa mwezi mzima.

Tarehe 2 Januari 1974 aliajiriwa kiwanda cha barafu, akakitumikia hadi kilipofungwa tarehe 30 Juni 2006. Huko ndiko alikopata tabia zake zote, nzuri na zile nyingine. Alikuwa akisema joto ni mwizi asiyebisha hodi, ukiziba dirisha linapita chini ya mlango. Na huko ndiko alikokataa maandishi. Mwaka 1981 mtu wa ofisini alibandika vibao kwenye valvu akavikosea, fundi mwenzake akafungua valvu iliyoandikwa "maji" na gesi ikamuunguza mkono. Tangu siku hiyo Marehemu hakuamini kitu kilichoandikwa na mtu ambaye hakukifunga kwa mkono wake. Nilipopata kazi ya masjala alinipongeza, kisha akaniuliza kama nilikosa nyingine.

Kiwanda kilipofungwa, wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua vitu vilivyobaki. Wenzake walichukua viti, meza na feni. Marehemu aliomba kuta. Aliyabandua mabamba mazito ya povu la kuzuia joto yaliyozunguka vyumba vya barafu, akayaleta nyumbani kwa lori mara tatu, akayapanga yote juu ya dari. Majirani walisema mzee kachanganyikiwa kwa kupoteza kazi. Mimi pia nilisema hivyo, na ni vyema nikiri mbele yenu. Baada ya mwezi akapaka bati rangi nyeupe, na chumba changu, ambacho mchana kilikuwa tanuri, kikakalika bila feni.

Nimeruka ndoa. Marehemu alifunga ndoa tarehe 10 Desemba 1977 na mama yetu, ambaye alikuwa fundi cherehani mwenye chumba chake karibu na lango la kiwanda. Kijana wa mitambo alikuja na shati lililokosa kifungo. Wiki iliyofuata akaja na jingine, limekosa kifungo pale pale. Mara ya tano Mama aliugeuza uzi akaona umekatwa kwa wembe. Akamrudishia shati, akamwambia, "Utamaliza nguo zako, kaka. Sema unachotaka." Marehemu alisema alichotaka. Baadaye akaifanya hiyo kuwa sheria ya nyumba yake: hakuna kufungua friji kabla hujasimama mbele yake na kusema kwa sauti unataka nini, ili mlango usikae wazi ukiwa unawaza. Mume wangu alipokuja kujitambulisha aliambiwa akachukue maji. Alisimama mbele ya friji ya watu, akatazama huku na huku, akasema, "Naomba chupa ya maji, ya kushoto." Baba akaniangalia, akasema, "Huyu anafaa."

Sasa nifike 2012. Mama aliumwa mwezi Aprili, akarudi nyumbani na mashine mwezi Mei. Juni umeme wa shirika ulikatika siku mbili. Mtungi wa hewa wa akiba ulituchukua hadi usawa wa saa kumi jioni, kisha tukambeba Mama hadi hospitali, Baba akimpepea kwa gazeti kana kwamba hewa ni moshi wa mkaa. Kwenye ile korido ya hospitali alinishika mkono. Alisema, "Sitamkabidhi tena mkeo wangu kwa waya wa mtu." Alitaka kusema "mke wangu." Sijawahi kumwona Baba akikosea neno kabla ya siku ile.

Mwaka 2013 akafunga paneli mbili za sola. Kufikia 2019 zilikuwa kumi na mbili, pamoja na betri kwenye kabati lililokuwa la nguo za wageni. Lakini msifikiri kazi ilikuwa paneli. Paneli, alituambia, ni ndoo tu. Kwanza ziba matundu. Alihesabu kila kitu kinachotumia umeme, akakiondoa au akakipunguza. Taa zote zikawa zile ndogo nyeupe. Hita ya maji akaing'oa, akazungusha bomba jeusi juu ya bati hadi maji ya kuoga yakawa yanatuunguza kuanzia saa tano asubuhi. Friji akaihamisha mbali na jiko. Pasi ilikuwa halali kati ya saa sita na saa nane mchana tu, jua likiwa kichwani, na aliyesahau alikwenda kazini na mikunjo yake. Alitoboa dirisha kubwa jikoni ili taa isiwashwe kabla ya magharibi. Na alizima. Ulikuwa ukitoka chumbani kuchukua kalamu, unarudi unakuta giza, na Baba amesimama pale akiwa na sura ya mtu aliyeokoa maisha.

Tulimcheka. Tulidhani ni ubahili wa uzee. Kumbe kila taa aliyoizima ilikuwa dakika kadhaa za mashine ya Mama, na alikuwa akizihesabu. Hakutuambia. Au alituambia, na sisi tukasikia "zima" tu. Hilo nalo silijui, na sasa hakuna wa kumwuliza.

Kuhusu ugonjwa wake, naona aibu kuandika. Marehemu alikuwa na shinikizo la damu na moyo uliokuwa ukimsumbua tangu 2020. Tulikuta karatasi za kliniki ndani ya kisanduku cha bisibisi. Nyumba nzima ilikuwa inamwangalia Mama. Niseme wazi: tulikuwa tumejiandaa kwa msiba mwingine. Ofisini kwangu, droo ya tatu, kuna faili lenye picha nzuri ya Mama, tarehe zake zote, hata majina ya watakaobeba jeneza. La Baba sikuwa nalo. Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024 alipanda ngazi kufuta vumbi kwenye paneli kama kawaida yake, akashuka, akaketi kwenye kidato cha chini, akaomba maji. Alifariki zahanati saa tisa na dakika ishirini alasiri. Kaka yangu mkubwa, mwalimu wa hisabati, alinipigia simu akasema, "Mzee ametutoka." Nikamwambia, "Unamaanisha Mama." Akasema, "Hapana, Baba." Nikasema, "Kaka, tulia, unamaanisha Mama." Nilimsahihisha mara tatu.

Sasa nieleze lililotokea jana, Alhamisi, maana baadhi yenu mlikuwepo na maneno yameshaanza kuzunguka mtaani.

Mlikuja kwa wingi, na tunawashukuru. Mlikuja pia na simu zenu. Anga ilikuwa na mawingu tangu Jumatano. Saa nne asubuhi nyumba ile, ambayo kwa miaka kumi na moja haikuwahi kuchaji simu mbili kwa pamoja, ilikuwa inachaji thelathini na moja; nilizihesabu baadaye. Kulikuwa na spika mbili uani, birika la umeme la kuchemshia chai ya watu mia moja, na friji iliyofunguliwa na kila aliyepita bila kusema neno. Mashine ya kubadili umeme wa betri ikaanza kulia. Kisha kila kitu kikazima, na ile sauti ya mashine ya Mama, ambayo sisi hatuisikii tena kwa kuizoea, ikakatika. Tukaisikia ilipokatika.

Mdogo wetu alimfungia Mama mtungi wa akiba. Mshale wa mtungi ulikuwa karibu na alama nyekundu. Tukakimbilia koridoni kwenye ubao wa swichi. Zipo swichi kumi na tisa, na hakuna hata moja iliyoandikwa. Badala ya maandishi, Baba alikuwa amegundisha kando ya kila swichi kifungo cha nguo.

"Nani anajua hivi vifungo?" kaka akauliza.

Mdogo wetu, ambaye ni fundi simu, akasema, "Mimi nisiguse. Huu siyo umeme wa simu."

Walimwita rafiki wa Baba wa kiwandani, mzee tunayemwita Kibaridi, kwa kuwa alikuwa uani. Alivaa miwani, akatazama ubao, akavua miwani. "Bwana wewe," akamwambia Marehemu, kana kwamba amesimama naye pale, "hata mimi umenificha?"

"Tujaribu moja moja," kaka akasema.

"Ukijaribu moja moja hapo utaunguza kitu, mwanangu. Na kikiungua leo, hakuna wa kukitengeneza leo."

Kila mtu akawa anapiga simu kutafuta fundi. Shangazi alikuwa analia na kufunga milango ya friji kwa pamoja. Mimi nilisimama katikati ya korido nimeshika sahani ya mtu, sijui ya nani. Kisha tukasikia Mama akigonga ubavu wa kitanda kwa kijiko. Alikuwa ameinua barakoa ya hewa.

"Mnapiga kelele za nini? Zimeni gauni la njano."

Tukatazamana. Nilidhani anaweweseka.

"La dada yako, la darasa la tatu," akamwambia kaka. "Ni jiko hilo. Zima."

Nikalitazama lile duara dogo la njano kando ya swichi ya nne, nikalikumbuka gauni lote, hadi mkanda wake. Kaka akazima.

"Mashati ya shule, meupe mawili ya pamoja. Soketi za sebuleni. Zima yote mawili. La bluu lenye matundu manne, uani. Zima." Akapumzika kidogo. "Friji iacheni izime vilevile. Sasa subirini. Msiguse. Wewe wa mwisho, najua umenyoosha mkono, ushushe."

Mdogo wetu akaushusha.

"Sasa koti la baba yenu. Lile kubwa jeusi. Washa."

Kaka akawasha. Mawinguni kulikuwa na kijua kidogo tu, lakini kilitosha kwa kitu kimoja, na kitu hicho kikaanza kunguruma chumbani kwa Mama. Kibaridi aliketi sakafuni pale pale. Kaka yangu, ambaye hakulia siku ya Jumanne wala Jumatano, alilia akiwa ameegemeza paji la uso kwenye ubao wa swichi.

"Mama, umejuaje?" nikamwuliza.

"Kopo la vifungo ni la nani?" akasema. "Yeye alipanda juu, mimi nikakaa hapa. Nani alikuwa anamwambia betri imefika ngapi? Daftari hilo hapo, si mnalifutia vumbi kila wiki."

Nilifungua daftari. Asubuhi, mchana, jioni, kila siku tangu 2013, namba za betri, hali ya jua, na mara chache neno moja: "mawingu", "mgeni", "kapiga pasi mtu". Kwa miaka yote niliamini ni mwandiko wa Baba. Mimi, ninayelipwa mshahara kwa kutambua miandiko ya watu, sikuutambua wa mama yangu. Sikuelewa tena ni nani katika nyumba ile alikuwa mgonjwa na ni nani alikuwa muuguzi, na bado sijaelewa.

Jioni kaka alisema lililokuwa moyoni mwake tangu Jumanne: Mama ahamie kwake. Anaishi ghorofa ya nne, jengo lina lifti na jenereta. Alisema kwa upendo, na mimi nilikubaliana naye, kisha nikakataa, kisha nikakubaliana tena. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Hiyo jenereta ikizima, nani anajua cha kufanya?"

"Kuna mlinzi, Mama."

"Mlinzi anajua mimi nipo?"

Kaka akageuka kuitazama mashine.

"Hapa najua kila swichi. Huko nitakuwa friji tu, inayongoja mtu aichomeke." Akamshika mkono. "Nikifa hapa, nitakufa nikijua kwa nini. Wewe nifutie paneli tu. Za upande wa juu, za chini nafikia... hapana, hata za chini sifikii. Nifutie zote."

Kwa hiyo Mama anabaki. Mdogo wetu anahamia chumba cha nyuma. Kaka ameomba likizo, na leo alfajiri amepanda juu akiwa na tai shingoni, kafuta paneli kumi na mbili, kasahau kitambaa huko juu. Mimi nimepewa mtihani: Mama ananionyesha kifungo, mimi nataja nguo na kazi ya swichi. Nimepata kumi na moja kati ya kumi na tisa. Sijui kama uamuzi wetu ni sahihi. Nawaza ni sahihi, kisha usiku unaingia na ninawaza mengine. Kesho tunamwacha nyumbani na Shangazi, na tunaomba kwa heshima kwamba mkirudi nyumbani kwetu baada ya mazishi, simu zenu mzichaji kwenu.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja na wadogo zake wawili. Ameacha pia mwenzake Kibaridi, aliyeomba ahesabiwe na familia, na tumemhesabu.

Nilimaliza kuandika hapo, nikaingia kwa Mama kumsomea, nikamwuliza niandike nini mwishoni. Nilitegemea maneno tuliyoyazoea. Mashine ikinguruma, akaniambia niandike kama anavyosema, nisirekebishe.

"Kila alfajiri alikuwa anakuja kuona kama napumua. Anasimama hapo mlangoni, peku, anadhani nimelala. Miaka kumi na miwili. Mimi nilikuwa macho, nanyamaza tu, arudi kitandani. Mwambieni alale sasa. Asiamke kuniangalia."